Nimeshinda Avebury na shemeji fundi ujenzi: mawe ya kale yaliyosimamishwa mara mbili (uzi mrefu kidogo)

Mtembezi Mvivu:
Wakuu salaam. Huu uzi hauna siasa wala mapenzi, ni wa mawe, kwa hiyo asiyependa mawe apite tu kimya kimya tusigombane. Jumamosi mimi na shemeji yangu, kaka yake mama watoto, tulishinda Avebury, kijiji kimoja kiko Wiltshire huko kusini magharibi mwa Uingereza, nimerudi miguu imevimba na kichwa kimejaa, nikaona nimwage humu kabla sijasahau. Naandika kwa simu kwa hiyo itakuja vipande vipande, mnivumilie.

Kufika kwanza. Hatuna gari. Tulipanda treni asubuhi London Paddington mpaka Swindon, lisaa limoja hivi, halafu basi namba 49 ambalo linakushusha kijijini kabisa. Na kijijini maana yake ndani ya duara lenyewe la mawe! Barabara ya lami imelikatiza duara la miaka zaidi ya 4,000, basi linapita, trekta linapita, kuna baa, kuna watu wanaishi na wameanika nguo zao, na katikati ya yote hayo mawe yamesimama kimya kama wazee waliofika kwenye msiba wa mtu wasiyemjua vizuri.

Shemeji akashuka akatazama kushoto akatazama kulia. "Shem, ndo haya? Umeniamsha saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya haya?"

Nikamwambia tulia kwanza tutembee. Kumbuka huyu bwana ni fundi ujenzi, miaka ishirini anasimamisha majengo ya watu, haoni kitu kikisimama bila kuuliza kimesimamaje. Hilo ndilo lililoiokoa safari, mtaona mbele.

Nakuja.

Bintimwalimu:
Siti ya mbele kabisa nimekaa. Leta mzigo mkuu.

Zege Jipya:
Hiyo si ndo ile Stonehenge ya kwenye wallpaper za kompyuta? Mawe yamebebana juu kwa juu?

Mtembezi Mvivu:
Hapana mkuu, Stonehenge iko kusini zaidi, kama kilomita 30 kutoka hapa. Zote mbili UNESCO waliziingiza kwenye urithi wa dunia pamoja mwaka 1986, kwa hiyo kwenye karatasi ni ndugu, ila tabia tofauti kabisa. Stonehenge niliwahi kwenda zamani. Unakata tiketi mapema, unafika kituo cha wageni, unapandishwa basi dogo mpaka kwenye mawe, halafu unazunguka nje ya kamba na wenzako mia mbili mnapiga picha ileile. Sisemi ni mbaya, yale mawe ya juu yaliyolaliana ni kitu cha kukaa ukakitazama, kichwa cha jiwe la chini wamekichonga kinundu na jiwe la juu wamelitoboa shimo la kukipokea, kama seremala anavyounga fremu ya mlango. Watu waliohamisha ufundi wa mbao wakauweka kwenye jiwe.

Ila Avebury unaingia bure (paki ya gari ndo ya kulipia) na unalishika jiwe. Unaliegemea. Kondoo wanajikunia mgongo hapohapo. Kuna mmoja anaitwa John Aubrey, mwaka 1649 alikuwa kwenye msafara wa kuwinda akaangukia hapa, akaandika baadaye kwamba Avebury inaipita Stonehenge kama kanisa kuu linavyolipita kanisa la mtaani. Mwaka 1663 akamleta mpaka mfalme Charles II kuja kuona. Fikiria watu walikuwa wanaishi humo ndani miaka yote, wanafuga na kulima, na hakuna msomi aliyekuwa na habari.

Mzee wa Kona:
Wenyewe waliokuwa wanaishi humo walikuwa na habari. Msomi ndo hakuwa na habari.

Mtembezi Mvivu:
Mzee umenikamata, hapo sina jibu.

Sasa umbo lake. Chora kichwani: kwanza tuta la udongo mweupe wa chaki, la mviringo, ukilizunguka juu unatembea zaidi ya kilomita moja. Ndani ya tuta kuna handaki. Ndani ya handaki ukingoni kabisa ndo duara la nje la mawe, lilikuwa na mawe kama 100 na upana wake unazidi mita 300, wanasema ndilo duara kubwa la mawe la kale kuliko yote duniani. Halafu ndani yake maduara mengine mawili madogo, moja kaskazini moja kusini. Vyote hivi vilijengwa kwa awamu kati ya mwaka 2850 na 2200 KK hivi.

Ukiwa chini huwezi kuliona duara. Hilo ni jambo la kujiandaa nalo kisaikolojia maana ndilo linalowavunja wengi moyo. Unaona mawe machache mbele, nyumba, miti, barabara, mawe mengine kwa mbali. Mpaka upande juu ya tuta, utembee robo saa, ndo akili inaanza kuunganisha.

Shemeji alibadilika kwenye handaki. Tulikuwa juu ya tuta nikamwambia hilo handaki unaloliona limejaa udongo wa miaka yote, mwanzoni lilikuwa na kina cha mita 9 na zaidi, limechimbwa kwenye mwamba wa chaki bila chuma hata kipande, walitumia pembe za kulungu kama sururu. Akanyamaza. Akashuka mpaka chini, akarudi anahema. Akauliza, "Udongo wote wakaupeleka juu hapa?" Ndio. "Kwa mikono?" Ndio, makapu na mikono. Akasimama pale na mikono kiunoni muda mrefu, halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea: "Hapa kulikuwa na mtu wa kupika. Watu wengi hivi wakichimba lazima kuna mtu anapika, na kuna mtu anagawa zamu. Usiniambie walikuwa washenzi."

Sikuwa nimemwambia ni washenzi, ila nilimwelewa.

Bintimwalimu:
Nimempenda huyo shemeji. Anaona vitu.

Zege Jipya:
Na mawe? Uzito gani? Hapo ndo watu wanaanzaga mambo ya majitu na sayari nyingine.

Mtembezi Mvivu:
Hahaha usimwambie shemeji hayo maana kuna jamaa alimwanzia hizo habari za sayari kwenye basi akamjibu "wewe hujawahi kumuona msimamizi mkali".

Uzito: kuna jiwe liko kaskazini pembeni mwa barabara ya kwenda Swindon, linaitwa Swindon Stone, limesimama kwa kona yake moja kama karata, linakadiriwa zaidi ya tani 60 na ni kati ya machache ambayo hayajawahi kuanguka. Limewekwa pembeni mwa lami kabisa, lori likipita unaona kama linakunwa. Halafu kwenye duara la ndani la kaskazini kuna mawe mawili makubwa wanaita the Cove, mwaka 2003 walichimba pembeni kuhakikisha usalama wakakuta moja limezama ardhini mita 3 na zaidi, kwa hiyo huenda linafika tani 100.

Mawe yenyewe yanaitwa saseni, ni mchanga uliogandishwa na silika mpaka ukawa mgumu kuliko akili, na hayakuchongwa kama yale ya Stonehenge, waliyachagua hivyohivyo yalivyo. Hayakutoka mbali. Vilima vya karibu bado yametapakaa yamelala kwenye majani, Waingereza wa zamani waliyaita jina la kondoo maana kwa mbali unadhani ni kundi limepumzika.

Na ukitaka kucheka: saseni nyingi za Stonehenge nazo zilitoka upande huuhuu, msitu mmoja unaitwa West Woods, kama kilomita 25 kaskazini mwa Stonehenge. Ilijulikana 2020 tu. Na imejulikanaje? Mwaka 1958 walikuwa wanakarabati jiwe moja lililopasuka pale, wakalitoboa kupitisha vyuma, mmoja wa mafundi akabaki na kile kipande kirefu kilichotoka kwenye tundu, akahamia nacho Marekani, kakiweka ofisini. Miaka 60 baadaye akakirudisha akiwa mzee. Wanasayansi wakakisaga kidogo wakalinganisha na mawe ya sehemu mbalimbali, kikaangukia West Woods. Angekitupa tusingejua.

Zege Jipya:
Subiri subiri. Wametoboa wameweka vyuma? Stonehenge?

Mtembezi Mvivu:
Ndo nafika huko mkuu, hapo ndo penye uzi wenyewe.

Tulivyokuwa tunazunguka upande wa magharibi mawe yamepangana vizuri, mengi, kila hatua kadhaa jiwe. Katikati yake kuna vijiguzo vifupi vimekaa kama vimnara. Shemeji akakigonga kimoja na pete. Akainama akakitazama kokoto zake. "Shem, hili ni zege. Na si la kale, hili ni la enzi za babu yangu."

Yuko sahihi. Miaka ya 1930 alikuja tajiri mmoja Mskoti, Alexander Keiller, familia yao walitajirika kwa jamu ya machungwa kule Dundee, mwenyewe kapenda akiolojia kupita kiasi. Akanunua sehemu kubwa ya eneo, akaanza kuchimba. Mwaka 1934 na 1935 alishughulika na njia ya mawe inayotoka nje ya kijiji, kisha 1937 mpaka 1939 akaingia kwenye duara lenyewe. Mawe yaliyoanguka akayanyanyua, yaliyofukiwa akayafukua akayasimamisha kwenye mashimo yaleyale ya zamani, na pale ambapo jiwe halipo tena ila shimo lake limeonekana akaweka kiguzo cha zege. Vita vikaja 1939 kazi ikasimama. Ndo maana ukizunguka utaona magharibi kumejaa mawe halafu mashariki nyasi tupu na jiwe moja moja. Wengi wanadhani watu wa kale walipenda magharibi. Walaa. Hela na vita.

Tukasimama pale nikamwona shemeji amefurahi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Anasema huyo Keiller fundi mzuri maana hakudanganya, jiwe jiwe, zege zege, hata mtoto anajua kipi kimebaki na kipi kimepotea.

Zege Jipya:
Kwa hiyo tunaambiwa ni ya kale kumbe mengi yamesimamishwa juzi na tajiri wa jamu. Si usanii huo?

Bintimwalimu:
Mawe ni yaleyale na mashimo ni yaleyale mkuu. Ukianguka ukainuliwa wewe unakuwa mtu mwingine?

Zege Jipya:
Nikiwekewa vyuma naweza kuwa mwingine kidogo 😂

Mtembezi Mvivu:
Ukisema usanii basi na Stonehenge iingize. Pale kundi la mawe matatu liliporomoka 1797, likarudishwa juu 1958 kwa mashine ya kunyanyulia mizigo. Kuna jingine lilidondoka siku ya mwisho ya mwaka 1900, nalo likarudishwa 1958. Kuna zege miguuni mwa baadhi. Hakuna anayekuficha, ila kwenye picha za wallpaper haiandikwi.

Mimi kilichonikaa ni kwa nini yaliangushwa. Maana kule Avebury hayakuanguka yenyewe. Kuna mawimbi mawili.

Wimbi la kwanza ni miaka ya 1300. Wanakijiji walichimba shimo pembeni ya jiwe, wakalisukuma likalala humo, wakalifukia. Wengi wanaona ni dini, kijiji cha Kikristo hakitaki mawe ya wapagani yanawatolea macho. Mwaka 1938 watu wa Keiller wakifukua jiwe moja wakakuta mifupa ya mwanaume chini yake. Ana mkasi, ana kijichuma cha kitabibu, ana sarafu za miaka ya 1320 hivi. Wakamwita kinyozi, maana enzi hizo kinyozi ndo huyohuyo anakutoa damu na kukupasua jipu. Hadithi iliyosimuliwa miaka yote ni kwamba alikuwa anasaidia kuangusha jiwe likamlalia. Mifupa ikapelekwa London, ikadhaniwa imeteketea mabomu ya vita, mpaka miaka ya 1990 ikaonekana iko salama kwenye stoo ya makumbusho. Wakaichunguza upya, wakaona dalili za kupondwa na jiwe si za kueleweka hivyo, inawezekana alikuwa ameshakufa wakamweka humo. Sasa nani alimweka na kwa nini na mkasi wake mfukoni, amueni wenyewe.

Wimbi la pili ni miaka ya 1600 mwishoni na 1700. Hawa hawakuwa na habari na upagani, walitaka mawe ya kujengea. Wanachimba shimo, wanaangusha jiwe juu ya majani makavu na kuni, wanawasha moto mkali, jiwe likishawiva wanachora mstari kwa maji ya baridi, wanapiga nyundo pale kwenye mstari, linapasuka. Mtu anaitwa William Stukeley alikuja kati ya 1719 na 1724, kila mwaka anachora na kupima, huku mbele ya macho yake yanavunjwa. Aliwaandika mpaka majina, kuna mmoja Tom Robinson alimchukia sana. Ukitembea kijijini leo tazama kuta za nyumba, utaona vipande vya saseni vimejengewa.

Shemeji nilipomwambia ile ya moto na maji akasema tu "inafanya kazi hiyo", hakuongeza kitu. Tulipofika kwenye ukuta wa nyumba moja akaupapasa, akasema ukuta mzuri.

Nikawaza hapo. Yale yaliyofukiwa kwa kuogopwa ndo yapo leo, Keiller aliyakuta mazima chini ya majani. Yale yaliyoonekana mali ndo yameisha.

Mzee wa Kona:
Na huyo tajiri wako hakuvunja kitu? Uliza vizuri.

Mtembezi Mvivu:
Mzee unajua halafu unatega. Ndio, alivunja. Nyumba kadhaa zilizokuwa ndani ya duara zilibomolewa kupisha mawe na wakazi wakahamishwa, aliona kijiji ni takataka iliyomwagikia hekalu. Mwaka 1943 akawauzia National Trust, shirika la kutunza urithi la huko, kwa pauni 12,000, bei ya shamba tu, na hata wao mwanzoni waliendelea na wazo la kupunguza nyumba. Baadaye wakaacha.

Bintimwalimu:
Hapa mimi na Keiller tunaachana. Yaani bibi wa watu anaishi kwenye kibanda chake kilichojengwa na mawe ya pale pale, unakuja unambomolea ili usimamishe mawe ya watu waliokufa miaka 4,000 iliyopita? Kile kibanda nacho ni historia.

Zege Jipya:
Kwani vibanda viko vingapi Uingereza na duara kubwa kama hilo yako mangapi? Mimi leo niko na tajiri wa jamu.

Bintimwalimu:
Dakika tano zilizopita ulimwita msanii.

Zege Jipya:
Mtu anakua.

Mtembezi Mvivu:
Mimi niko katikati na si kwa uoga. Kilichonifanya nikae pale masaa matatu ni kwamba pana watu. Mama mmoja alikuwa anamwagilia maua nyuma yake jiwe la tani sijui ngapi. Wangemaliza kubomoa ingekuwa uwanja wa mawe wenye kamba, tungerudi kulekule kwa tiketi na foleni. Ila bila Keiller ningekuta nini? Mawe kama kumi na tano yamesimama na kondoo. Kwa hiyo siwezi kumshukuru wala kumlaumu sawasawa.

Haya tuendelee, saa saba mchana tukatoka kijijini kwa miguu.

Njia inaitwa West Kennet Avenue, mawe mawili mawili yanatazamana, unapita katikati kama bwana harusi. Zamani kulikuwa na jozi kama 100, kilomita 2 na nusu mpaka juu ya kilima ambako kulikuwa na maduara mengine, yale yalivunjwa yote enzi za Stukeley, leo kuna alama za zege tu chini. Kwenye njia mawe ni ya aina mbili, refu jembamba na pana lenye umbo la karata ya kisu, wengine wanasema ni mume na mke. Shemeji anasema ni yaliyopatikana tu siku hiyo. Sitaki kuingia.

Tukapinda kwenda West Kennet Long Barrow, kaburi la kale. Hapo jamani vaeni viatu. Mimi nilivaa raba nyeupe nikajiona kijana, kile kijito cha Kennet kinakauka kiangazi na kinajaa baada ya mvua za baridi, na sisi tumeenda mwezi wa tatu. Njia yote tope. Shemeji kavaa buti za kazini, ananitazama tu.

Kaburi lenyewe liko juu ya kilima, tuta refu mita 100 hivi, mbele yake yamesimamishwa mawe makubwa kama mlango uliofungwa. Ni la mwaka 3650 KK hivi, yaani hili ni mzee kuliko duara la Avebury kwa karne nyingi. Unapita nyuma ya lile jiwe kubwa unaingia ndani, kuna vyumba vitano, viwili kushoto viwili kulia na kimoja mwisho. Walipochimba 1859 na tena 1955 na 1956 walikuta mifupa ya watu wasiopungua 36, wakubwa na watoto, imechanganywa, mingine imepangwa kwa aina. Kwa vipimo vya baadaye wengi wao walizikwa ndani ya muda mfupi, kama kizazi kimoja tu. Halafu kaburi likabaki linatembelewa miaka mingi sana, mwishowe wakalijaza udongo wakaweka yale mawe ya mlangoni. Walilifunga kwa makusudi.

Ndani giza. Simu yangu ilikuwa betri asilimia 9 kwa sababu ya kupiga picha kondoo. Shemeji akawasha tochi yake. Watu wanaacha vitu humo, mishumaa, maua, utepe. Tulikuwa wawili tu. Akainua tochi kwenye dari akafuata jinsi mawe ya juu yalivyoegemeana kuelekea katikati, na mapengo madogo yamejazwa vijiwe bapa vimepangwa bila udongo wa kushikia. Akaongea kwa sauti ndogo, sauti ya msikitini. "Huyu aliyepanga hapa alikuwa na mkono." Akavigusa kidogo akaondoa mkono haraka.

Ila nitasema ukweli, kabla hajavigusa nilishamwambia vile vijiwe baadhi vimerudishiwa walipokarabati miaka ya 50. Akanijibu "basi na huyo wa miaka ya 50 alikuwa na mkono".

Zege Jipya:
😂😂 Shemeji hana ubaguzi.

Bintimwalimu:
Mlitoa salamu mlipoingia? Mimi nisingeingia kaburini kimya kimya.

Mtembezi Mvivu:
Alitoa yeye. Mimi niliona aibu nikaitikia tu.

Cha mwisho Silbury Hill, kiko hapo chini unakiona njia nzima. Kilima cha kutengenezwa na watu, zaidi ya mita 30 kwenda juu na 160 upana wa chini, kilikamilika karibu na mwaka 2400 KK, kikubwa kuliko chochote cha aina hiyo Ulaya. Kupanda ni marufuku, kuna uzio na bango, na bado tuliwaona watu wawili juu wanapiga selfi. Watu wamekitafutia hazina karne karibu mbili. 1776 walichimba shimo kutoka kileleni mpaka chini, 1849 wakaingia na handaki kwa ubavuni, 1968 mpaka 1970 wakaingia tena na BBC wanarusha kwenye televisheni. Hakuna mfalme, hakuna dhahabu, hakuna hata maiti. Udongo, majani, mchanga wa tabaka tabaka.

Mwaka 2000 kileleni kukafunguka shimo ghafla, lile la 1776 halikujazwa vizuri. Ndo wakaja 2007 na 2008 kukarabati, wakatoa makorokoro yote ya ndani wakashindilia chaki upya.

Shemeji hapa alikasirika kwelikweli. Kwamba watu wa pembe za kulungu wamejenga kilima kimesimama zaidi ya miaka 4,000, halafu wenye sururu za chuma wanachimba, hawakuti hela, wanaondoka bila kufukia shimo. "Kazi ya kwanza ya kibarua siku ya kwanza unafundishwa, ukichimba fukia." Aliongea hivyo mpaka kituo cha basi.

Na basi tulilikosa. Dakika mbili tu tuliliona likiondoka, tukakaa lisaa na raba zangu zimekuwa rangi ya kahawia.

Mzee wa Kona:
Umeandika vizuri kijana. Swali moja, hizo picha za kondoo ziko wapi?

Mtembezi Mvivu:
Zipo mzee, kesho nikishachaji naweka. Za mawe ziko nne, za kondoo thelathini na moja.

Bintimwalimu:
Kwa anayetaka kwenda, siku moja inatosha?

Mtembezi Mvivu:
Inatosha kwa hayo niliyosema, mzunguko wote kama kilomita 10 kwa miguu. Usijaribu kuunganisha na Stonehenge siku hiyohiyo kwa mabasi, utakimbia tu na hutaona kitu. Na beba tochi, na tazama saa ya basi la kurudi kabla hujaingia kaburini.

Shemeji kanitumia ujumbe leo asubuhi. Anauliza vile vilima vyenye mawe yaliyolala kama kondoo viko mbali kiasi gani na kituo, maana anataka kuona walianzia wapi kuyasukuma. Mama watoto anauliza nimemfanya nini kaka yake.